Usichinje Land Rover ya Babu kwa Sababu ya Gia ya Tano

Wacha nianze na maoni yenyewe, ndio usisome hadi chini ukijiuliza ninaelekea wapi. Kama umerithi ama umenunua Land Rover Series III na unataka itembee vizuri kwenye lami, usikimbilie kuiwekea giaboksi ya gia tano kutoka gari lingine. Tengeneza giaboksi yake ya gia nne iwe nzima. Weka breki sawa. Halafu, kama barabara zako zinaruhusu, ongeza ovadraivu. Hivyo tu. Haina mbwembwe na haipendezi sana kwenye video, lakini ndiyo njia ambayo miaka mitano kutoka leo bado utakuwa na gari linalotembea.

Najua wengine mshakasirika. Vumilieni kidogo, kila upande nitaupa haki yake.

Nasema hivi kwa sababu kuna kitu ninakiona kikijirudia. Vijana wa rika langu tunazipenda hizi gari za zamani. Mtu anaitoa Land Rover iliyolala shambani tangu babu aache kuendesha, anaiosha, anaipiga picha, watu wanafurahi, na mradi unaanza. Mradi wa kwanza huwa ni gia, kwa sababu siku ya kwanza akiiendesha Thika Road injini ililia kama posho mili na matatu zikampita zikimpigia honi. Miezi sita baadaye sakafu imeng'olewa, giaboksi ya zamani imeuzwa kwa wa vyuma chakavu, ile mpya haijaingia, na kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Gari lililokuwa linaenda polepole sasa haliendi kabisa. Namjua jamaa mmoja ambaye yake imekaa hivyo mwaka wa tatu sasa. Fundi alishahama, simu haishikwi, na zile nati zilizowekwa kwenye kopo la rangi hakuna anayejua zilitoka wapi.

Na hizi si gari za watalii peke yake. Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na hapa kwetu Land Rover ziliunganishwa Thika, kwenye kiwanda kilichoanza kama Leyland Kenya. Mikono ya Wakenya ilizifunga hizo bolti. Zilibeba D.O., daktari wa mifugo, padri, polisi na maiti za kijiji. Ukiiua moja kwa sababu ya gia ya tano, umeua kitu ambacho hakitaunganishwa tena.

Kelele inatoka wapi hasa?

Kabla ya kununua dawa, jua ugonjwa. Hebu tufanye hesabu kidogo, usiogope.

Chukua Series III ya petroli, injini ya lita 2.25, tairi za 7.50-16. Gia ya nne ni moja kwa moja: injini ikizunguka mara moja, shafti inayotoka nyuma ya giaboksi nayo inazunguka mara moja. Kutoka hapo kuna transfa, ambayo inapunguza mwendo kwa 1.148. Halafu kuna difu, inayopunguza tena kwa 4.7. Ukizidisha unapata karibu 5.4. Kumaanisha injini lazima izunguke mara 5.4 ndio tairi izunguke mara moja. Na tairi ikizunguka mara moja, gari limesonga kama mita 2.45.

Sasa peleka hiyo hesabu barabarani. Ukienda kilomita 80 kwa saa, injini inapiga kama mizunguko 2,900 kwa dakika. Ukienda 100, inapiga karibu 3,700. Injini ile iliundwa ifike kilele cha nguvu zake kwenye mizunguko 4,000. Kwa hivyo ukiwa kwenye 100 unaishi kwenye paa la nyumba. Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480. Safari moja ya kwenda tu, injini ya babu imezunguka zaidi ya mara milioni moja.

Hiyo ndiyo kelele. Giaboksi haijaharibika. Gari liliundwa livute trela kwenye matope, si likimbizane na Subaru pale Emali. Difu ya 4.7 iliwekwa kwa makusudi, na ndiyo inayokuwezesha kupanda mlima ukiwa na magunia kumi ya viazi.

Ovadraivu inafanya nini

Ovadraivu inayojulikana zaidi kwa Series ni ile ya Fairey, iliyotoka Tavistock, Uingereza. Ni kisanduku kidogo kinachofungwa nyuma ya transfa, mahali ambapo wakulima walikuwa wakifunga kifaa cha kuendeshea mashine za shamba. Ndani unabadilisha gia moja mwishoni mwa shafti kuu, unafunga kisanduku, unaleta kijiti chake kwa dereva. Hukati chasisi. Hubadilishi propela shafti. Huhamishi injini hata inchi moja. Ukiichoka, unaifungua, unarudisha gia ya zamani na kifuniko chake, na gari liko vile lilivyotoka kiwandani.

Uwiano wake ni 0.782. Ukirudia hesabu yetu, kwa kilomita 80 injini inashuka kutoka 2,900 hadi kama 2,300. Kwa 100 inashuka kutoka 3,700 hadi 2,900 hivi. Safari ya Mombasa unaipunguzia injini zaidi ya mizunguko 200,000. Hapo sasa mnaweza kuongea ndani ya gari bila kupigiana kelele.

Kuna kitu kingine watu hawakisemi sana. Ovadraivu inafanya kazi kwenye gia zote, si ya nne pekee. Gia ya tatu ya Series III ni 1.50. Ukiichanganya na ovadraivu unapata kama 1.17, gia mpya kabisa inayokaa katikati ya tatu na nne. Ule mlima mrefu ambao gia ya nne inakufa na ya tatu inalia, sasa una dawa yake. Kwangu mimi hiyo peke yake inatosha kulipia kile kisanduku.

Ovadraivu haiongezi nguvu

Hapa ndipo wengi wanadanganywa, kwa hivyo nisikilizeni vizuri. Gia haizalishi nguvu. Gia inagawanya nguvu iliyopo. Injini ya Series III ya petroli ina kama nguvu za farasi 70 ikiwa mpya na ikiwa usawa wa bahari. Yako si mpya na pengine hauishi Likoni.

Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Nairobi iko kama mita 1,700. Timboroa iko juu ya mita 2,700. Ukifika Timboroa, wale farasi 70 wamebaki kama 50, na hapo tumeihesabu injini kama nzima kabisa. Sasa unataka kuivutisha gia ndefu kwenye mlima? Utaiweka ovadraivu, gari litazubaa, utaitoa, utaiweka tena. Ndiyo maana nasema chagua gia kwa barabara unayopita, si kwa picha uliyoiona.

Kama kazi yako ni Nairobi kwenda Mtito Andei na Voi, barabara ndefu inayoshuka polepole hadi pwani, ovadraivu ni rafiki yako. Kama unakaa Timboroa na safari zako zote ni Eldama Ravine na kurudi, weka hizo pesa kwa injini: valvu, kabureta, ama pampu ya dizeli kama yako ni dizeli. Injini iliyochoka haiponyeshwi na gia.

Na tuongee kuhusu kushuka. Series III ina breki za drami magurudumu yote manne. Ukiteremka kutoka Limuru kuelekea Mai Mahiu ukiwa umejaza mizigo, kinachokushika hasa ni injini kupitia gia ya chini. Ovadraivu ikiwa imewekwa, ule mshiko wa injini unapungua. Toa ovadraivu kabla mteremko haujaanza, ingiza ya tatu ama hata ya pili mapema, halafu breki iwe ya kusaidia. Mtu anayetafuta kasi bila kutengeneza breki kwanza anaandaa mazishi. Sipunguzi makali hapo.

Lakini kwanza, giaboksi yenyewe ni nzima?

Swali la kwanza ninalomuuliza kila anayetaka ovadraivu ni hili: giaboksi yako inasema nini? Maana kufunga ovadraivu nzuri nyuma ya giaboksi mbovu ni kama kuezeka mabati mapya juu ya ukuta wenye ufa. Wahenga walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kuna vitu unaweza kupima mwenyewe bila kufungua chochote.

Simama, injini ikizunguka, gia ikiwa huru. Sikiliza. Kama kuna mvumo, kanyaga klachi. Mvumo ukipotea, beringi za ndani ya giaboksi zinalalamika. Ukianza ukikanyaga, hiyo ni beringi ya klachi.

Endesha. Ikiwa gia ya kwanza, ya pili na ya tatu zinanguruma lakini ya nne iko kimya, tatizo kubwa liko kwenye shafti ya chini. Gia ya nne ni moja kwa moja, haipitishi mzigo kwenye shafti hiyo, ndiyo maana inanyamaza.

Ukiachilia mafuta kwenye mteremko, je, kijiti cha gia kinaruka chenyewe? Hiyo ni gia iliyolika ama springi iliyochoka. Ukifunga ovadraivu, kijiti kitaendelea kuruka vilevile.

Mwaga oili kwenye chombo safi na uitazame mchana. Ungaunga wa rangi ya fedha kidogo ni uzee. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ni msiba.

Halafu angalia hendibreki. Kwenye Series, drami ya hendibreki haiko kwenye gurudumu, iko nyuma ya transfa. Sili ya pale ikivuja, oili inaingia ndani ya drami na hendibreki inakuwa pambo. Unaegesha Land Rover kwenye mlima, unaenda kununua chai, unarudi unaikuta imemtembelea mama mboga. Sili ni kitu cha bei rahisi. Ibadilishe.

Baada ya kutengeneza giaboksi, endesha gari miezi miwili mitatu bila ovadraivu. Utashangaa. Series III ilikuwa ya kwanza katika ukoo wake kupata sinkronaiza, yaani zile pete za kulainisha gia inapoingia, kwenye gia zote nne za mbele. Ikiwa na beringi nzuri na oili inayofaa, ni giaboksi tamu. Watu wengi wanaoichukia hawajawahi kuendesha moja iliyo nzima.

Na kama unanunua ovadraivu iliyotumika, ishike na uzungushe. Sikiliza kama inakwaruza. Tikisa shafti uone kama inacheza. Ile Fairey inabeba oili kidogo sana, yake yenyewe, tofauti na ya transfa, na nyingi zilikufa kwa sababu mwenyewe alisahau kuipima. Jifunze kuipima mara kwa mara kama unavyopima maji ya rejeta.

"Si ubadilishe difu tu?"

Hili ni swali zuri na fundi wengi watakwambia hivyo. Difu za Discovery za mwanzoni mwa miaka ya 1990 ni 3.54 badala ya 4.7, na kwa Series fupi zinaingia bila vita. Mizunguko inashuka kwa robo hivi, karibu sawa na ovadraivu, na hakuna kisanduku cha ziada cha kuvuja. Zaidi ya hapo, zinapatikana kwenye gari zilizokufa papa hapa nchini.

Naziheshimu, lakini bei yake ni hii. Difu inabadilisha gia zote, si ya juu tu. Gia ya kwanza inakuwa ndefu kwa theluthi moja. Rivasi pia. Hata zile gia za chini za kutokea matopeni. Ukiwa na mzigo kwenye mlima, utakuwa ukichoma klachi kila ukianza kuondoka. Ovadraivu unaitoa kwa kijiti, difu huwezi kuitoa ukiwa katikati ya mlima.

Pia lazima ubadilishe mbele na nyuma kwa pamoja. Ukiweka nyuma peke yake halafu siku moja uingize magurudumu manne, ekseli mbili zitataka kwenda mwendo tofauti na kitu kitavunjika. Na kama Land Rover yako ni ile ndefu, kagua ekseli ya nyuma kwanza: nyingi za Series III ndefu zina ekseli ya Salisbury, na difu ya Discovery haiingii hapo.

Halafu kuna spidomita. Kwenye Series inasoma mwendo kutoka kwenye transfa, kabla ya difu. Ukiweka 3.54, spidomita itasema 60 na wewe uko 80. Askari mwenye kifaa cha kupima kasi hatasikiliza hadithi ya difu. Kwa ovadraivu, spidomita inabaki ikisema ukweli.

Kwa mtu mwenye Series fupi, anayeishi tambarare, asiyebeba mizigo, difu ni jibu halali. Kuna pia gia za transfa zinazotengenezwa Uingereza na Ashcroft, ambazo zinarefusha gia za juu na kuacha za matopeni vile zilivyo. Hilo ni wazo zuri sana, kama una uvumilivu wa kuagiza na fundi wa kufungua transfa kwa usafi.

Sasa ile gia tano

Haya, tufike kwenye ugomvi. Giaboksi za Land Rover zenyewe za gia tano, LT77 na R380, ni nzuri. Zilikuwa kwenye Defender na Discovery. Lakini haziji peke yake. Ni ndefu kuliko ya Series, kwa hivyo propela shafti zote mbili zinabadilika. Zinakuja na transfa yao, ambayo inaendesha magurudumu manne wakati wote. Ekseli ya mbele ya Series haikuundwa kwa hiyo kazi: viungo vyake vikiendeshwa muda wote kwenye lami, usukani unasumbua kila ukikata kona. Kwa hivyo sasa unatafuta ekseli. Ukipata ekseli, breki ni tofauti. Kila kitu kinavuta kingine, kama kuvuta uzi kwenye sweta.

Usidhani pia utaagiza Defender nzima ya zamani kutoka nje uikate. Sheria yetu ya kuingiza magari yaliyotumika inataka gari lisizidi miaka minane. Utatafuta hapa nchini ama utaagiza giaboksi kama kipuri, na giaboksi iliyotoka kwa gari usiloliona likitembea ni kamari.

Kisha kuna mambo ya adapta. Ukiunganisha injini ya kampuni moja na giaboksi ya kampuni nyingine, katikati kunakaa bamba la chuma. Hilo bamba lazima likerezwe ili kitovu cha injini na kitovu cha giaboksi vikae mstari mmoja. Likikosea hata upana wa unywele, shafti inaingia ikiwa imepinda kidogo, na klachi pamoja na beringi ya mbele vitakufa ukidhani ulinunua vibaya. Tuna wakereza hodari Kariobangi Light Industries na Industrial Area, hilo silipingi. Mkereza hodari anahitaji vipimo. Ukimletea kipande cha katoni ulichochora kwa kalamu, atakutengenezea katoni ya chuma.

Na Toyota je?

Wengi wanaruka hayo yote na kuweka injini na giaboksi ya Toyota ama Nissan, vyote kwa pamoja. Na hapa nitakuwa mkweli: kuna watu ambao kwao hilo ni jibu sahihi. Kama una Land Rover inayobeba maji ya ng'ombe Laikipia, inayopeleka wagonjwa Wamba, na injini yake ya zamani imepasuka bloku, weka ya Toyota. Spea ziko kila soko. Fundi wa kila kituo anaijua. Gari ni chombo cha kazi, na ng'ombe mwenye kiu hajali historia. Yule aliyefanya hivyo ili kazi iendelee sitamcheka kamwe.

Ila huyo mtu siye ninayemwandikia. Ninamwandikia kijana ambaye injini ya babu inawaka, giaboksi inaingia gia zote, na shida yake ni kwamba gari halifiki 110. Wewe huna sababu ya kupasua. Ukibadilisha injini, nambari iliyo kwenye logibuku haitalingana tena na iliyo kwenye gari, na utaanza safari ya NTSA, ukaguzi na bima. Ovadraivu haigusi logibuku.

Maswali manne kabla ya kutoa pesa

La kwanza: barabara yako ni gani? Iandike kwa majina. Si ile ya ndoto ya kwenda Turkana mara moja kwa mwaka, ile ya kila wiki.

La pili: injini yako ina pumzi ya kuvuta gia ndefu? Pima mgandamizo wa silinda. Fundi yeyote mwenye geji anafanya hivyo kwa muda mfupi. Kama silinda moja imechoka, umepata jibu la pesa zitakapokwenda.

La tatu: nani atalitengeneza likiharibika Kibwezi saa kumi na mbili jioni? Kila kitu unachobuni, wewe ndiye kitabu chake. Fundi wa Kibwezi anaijua Land Rover. Haijui Land Rover yako yenye giaboksi ya huku, transfa ya kule na propela iliyochomelewa.

La nne, ambalo kwangu ndilo kubwa: unaweza kurudi nyuma? Kabla hujakata, jiulize kama kesho mtoto wako ataweza kuirudisha ilivyokuwa. Ovadraivu inarudi. Difu zinarudi, kama ulizihifadhi. Chasisi iliyokatwa hairudi. Na chochote utakachotoa, kiweke kwenye gunia, andika jina, funika. Usimuuzie mtu wa vyuma chakavu kitu ambacho utakitafuta miaka kumi.

Sababu ya mwisho inayonifanya nilishikilie hili ni watu. Mafundi wanaojua giaboksi ya Series kwa kuisikiliza tu wamezeeka. Wako Kirinyaga Road, wako Nakuru, wako Nanyuki, wengine wamerudi nyumbani kulima. Hao wazee wakikuona umeleta giaboksi ya gia nne utengeneze, wanafurahi, wanakuita ukae karibu, wanakuonyesha jinsi ya kupima uchezaji wa gia kwa kidole. Ukiwaletea katoni na ndoto, wanakwambia weka pale, tutaona. Kila giaboksi tunayoichomoa na kuitupa ni somo moja ambalo halitafundishwa tena. Nani atakuonyesha wewe, na wewe utamwonyesha nani?

Kwa hivyo msimamo wangu ni huo. Nunua sili, nunua beringi, nunua viatu vya breki. Kaa na mzee siku mbili giaboksi ikiwa wazi mezani, na ushike kila kipande. Ukishaielewa gia ya nne, utajua mwenyewe kama unaihitaji ya tano. Wewe yako inakaa barabara gani, na injini yake inavuta vipi?